Mwalimu wa Langoni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu husema zimekaa kwenye ncha ya pua, mtu akipita tu zinaanguka. Sikatai. Lakini lilikuwapo jambo moja lililonichemsha kuliko yote, nalo ni kusahihishwa na mtoto mbele ya watoto wenzake. Sasa fikiria maisha yangu katika ile miaka ya kwanza ya shule yetu ya Mbugangari, mimi niliyefundisha kwa Kifaransa miaka kumi na sita ng'ambo ya mpaka, Goma, nikajikuta upande huu, serikali imegeuza lugha ya shule, natakiwa kufundisha hesabu na sayansi kwa Kiingereza, lugha niliyokuwa nimekutana nayo kwenye maandishi ya fulana tu.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba. Wazazi wa mtaa walikuwa wamechoka kuona watoto wakisoma kwa zamu, hawa asubuhi, hawa mchana, na nusu ya siku iliyobaki wakizurura ziwani. Mji wetu unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Ukienda Kanama wiki mbili kumsalimia shangazi, ukirudi unakuta lile shamba la maharagwe uliloliacha pale kona limekuwa nyumba ya mabati ya buluu, na barazani kuna mtu anachaji simu za watu. Na kila nyumba inaingia na watoto wake. Basi wazazi wakapanga nyumba ya bwana mmoja aliyehamia Kigali, wakaipaka rangi, wakaandika jina la shule juu ya lango. Darasa la kwanza likakaa gereji. La pili na la tatu vyumba vya kulala. Ofisi ya Diregiteri, mkuu wetu wa shule, ilikuwa jiko, na sinki lilibaki ukutani, naye akiweka humo madaftari ya kusahihisha. Mimi nilipewa la nne, sebuleni, watoto hamsini na wanne, na dirisha kubwa lililotazama lango.

Siku ya kuajiriwa, Diregiteri, mama mpole mzaliwa wa hapa hapa, aliniuliza kama najua Kiingereza.

"Kidogo kidogo," nikamjibu.

Leo niseme ukweli. Hata hiyo kidogo moja ilikuwa nyingi.

Watoto wangu walitoka kila upande. Wengine kwao ni Kinyarwanda tangu kuamka mpaka kulala. Wengine walivuka mpaka kila asubuhi na sare zao, wamejaa Kiswahili na Kifaransa kidogo. Wachache walikuwa wa familia zilizorudi kutoka Uganda, na hao ndio walikuwa maadui zangu. Hasa msichana mmoja wa dawati la mbele, mwembamba, mwenye mkono wa kulia usiojua kupumzika. Nikiandika neno ubaoni, mkono juu. Nikilitamka, mkono juu. Na alikuwa na adabu, hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mtoto mkorofi unajua la kumfanya. Huyu alikuwa anasimama, anakunja mikono kifuani, ananisahihisha taratibu kama mtu anayemwondolea mzee uzi begani.

Nilinunua kamusi. Nilikesha nayo, nikaisoma kwa herufi, nikaacha. Kamusi inakupa maneno lakini haikuambii yanakaaje pamoja, na usipoangalia unajenga ukuta wa mawe matupu bila udongo.

Basi nje ya lango letu palikuwa na mama aliyeuza uji wa mtama, igikoma kama tunavyouita. Alikuwa na mwavuli, benchi moja refu, vikombe vya plastiki na sufuria lililofunikwa kitambaa safi. Madereva wa pikipiki walikunywa pale, wazazi waliowaleta watoto walikunywa pale. Mimi nilikuwa nampita na kumsalimia mwaramutse, habari za asubuhi, bila kusimama. Mwalimu hanywi uji barabarani, ndivyo tulivyofundishwa kule nilikotoka.

Asubuhi moja wazungu wawili wenye baiskeli walisimama hapo wamepotea, ramani imewageukia. Madereva wakaanza kuwaonyesha njia kwa mikono, kila mmoja upande wake. Yule mama akaweka upawa chini, akafuta mikono, akawaelekeza. Nilisimama kama nimepigiliwa. Kiingereza kilimtoka laini kama uji wake, hakina donge hata moja. Akawaambia wapite wapi, wakatie wapi, akawachekesha, wakanunua uji, wakaondoka wakipunga mikono.

Siku iliyofuata nilikaa kwenye benchi.

Nilijua habari zake kidogo kidogo, safari hii kweli kidogo kidogo. Alikulia Uganda, akamaliza sekondari huko, akarudi na wazazi wake. Alipotafuta kazi ya ualimu waliomba cheti cha ualimu, naye alikuwa na kile cha sekondari tu, amekitia kwenye mfuko wa plastiki usiingie maji. Akaolewa, akaanza uji. Kiswahili alikiokota hapa sokoni, kwa hiyo kilikuwa cha sokoni.

Sasa sikiliza ujinga wa mtu mzima. Badala ya kumwambia mama, nisaidie, mimi Kiingereza kimenishinda, nilimwambia macho yangu ni mabovu. Nilifungua kitabu cha somo la siku hiyo, nikakisogeza mbali, nikakunja uso.

"Mama, maandishi ya hapa ni madogo sana. Unisomee tu hiki kipande."

Akanisomea. Mimi nikisikiliza na kuandika matamshi pembeni kwa Kifaransa changu. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Tukafanya hivyo karibu miezi mitatu. Nikiingia darasani somo liko tayari mdomoni, bado lina moto, na nalitapika lote kabla halijapoa. Mkono wa msichana wa mbele ulianza kupumzika. Nikajiona bingwa.

Nyumbani mambo yakachafuka. Mke wangu alikuwa ananichemshia chai kila asubuhi, na mimi nilikuwa naiacha.

"Chai yangu iko na nini?" akaniuliza. "We kila siku unakimbilia buyi ya huyo mama. Buyi gani hiyo inaita mutu mbele jua halijatoka?"

Buyi kwao ni uji. Nikamwambia ni tumbo. Wanawake wa Goma hawadanganywi na tumbo. Siku moja akanifuata mpaka langoni, amejifunga kitenge kwa vita. Akanikuta kwenye benchi, kitabu magotini, narudia sentensi moja kwa mara ya sita, na muuza uji anatikisa kichwa kwamba bado. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Madereva wa pikipiki wakacheka naye bila kujua sababu. Mimi nilinuna siku mbili nzima.

Usiku wa siku ya pili akaniambia, "Umuambie ukweli huyo mama. Akufundishe vizuri. Mficha uchi hazai, wewe."

"Mwalimu haombi kufundishwa na muuza uji," nikamjibu. Ndivyo nilivyosema, kwa kinywa hiki hiki.

Kisha ikaja barua. Diregiteri alituita jikoni kwake, akatusomea akiwa ameegemea sinki. Mkaguzi angekuja baada ya wiki moja, akae nyuma ya kila darasa, asikilize. Mwalimu atakayeshindwa kufundisha kwa Kiingereza hatabaki na darasa. Wenzangu walipotoka, Diregiteri akaniomba nibaki.

"Mwarimu, nakuheshimu sana," akasema. "Watoto wanakupenda. Nitakuombea kwa Mungu. Lakini mkaguzi akiniuliza, sitakudanganyia."

Nilitoka nikashika njia ya nyumbani. Nilianza kushika chaki nikiwa na miaka ishirini na miwili. Sijui kulima, sijui kuvua sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, biashara nimejaribu mara moja nikawagawia wateja kila kitu. Nikinyang'anywa lile darasa la sebuleni, mimi ni nani? Nilijiuliza hivyo njia nzima.

Nikaamua kumkamata mkaguzi pale mlangoni. Kule nilikosomea na kufundisha, mkaguzi haingii darasani kama mtu anayeingia dukani. Watoto wote wanasimama na kumkaribisha kwa sauti moja, maneno marefu, yenye heshima, yaliyokaririwa wiki nzima. Mkaguzi akisikia hivyo anatabasamu, na akitabasamu nusu ya kazi imekwisha. Nilihitaji makaribisho kama hayo kwa Kiingereza. Na aliyejua Kiingereza alikuwa langoni.

Hapo ndipo kiburi kiliponiponza. Nikimwambia mkaguzi anakuja, atajua kwamba kazi yangu inaning'inia. Nikamdanganya tena.

"Mama, shemeji yangu anatuletea wageni wakubwa toka Kampala. Watakula kwangu. Mi nataka kuwakaribisha mezani kwa Kiingereza, maneno marefu, ya heshima kabisa."

Akafikiri, upawa mkononi. "Mi naweza kukupa ile nasemaga hapa, kwa watu naheshimu," akasema. "Lakini ile ni ya hapa, Mwarimu."

"Ni muzuri. Nipe yote."

"Yote? Hata mwisho?"

"Hata mwisho."

Akanipa yote. Ilikuwa ndefu, ina mdundo, inapanda na kushuka. Nusu nilielewa. Neno la kikombe nililitambua, nikajiambia Waingereza ni watu wa chai, bila shaka kikombe kwao ni alama ya heshima. Nikaipeleka darasani, tukaikariri siku tano, asubuhi na kabla ya kwenda nyumbani. Msichana wa mbele aliinua mkono siku ya kwanza. Nikamwambia aushushe. Siku ya pili akauinua tena, nikamwambia wiki hii mikono inapumzika.

Mkaguzi alifika Jumatano. Nilitegemea mzee mwenye tumbo na mkoba; akaja kijana mwembamba, mwenye miwani, wa familia iliyorudi kutoka Tanzania. Alinikuta mlangoni, akainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Goma hatuna hiyo. "Ndiyo, asante," nikajibu, na nikaona midomo yake ikitaka kucheka ikajizuia.

Akaingia. Nikapiga kofi moja. Watoto hamsini na wanne wakasimama kama askari, na kwa sauti iliyotikisa vioo vya sebule wakamwambia mkaguzi wa elimu, kwa Kiingereza safi kisicho na donge: karibu mheshimiwa, keti hapa penye kivuli, ni moto na ni tamu, haina mchanga, kunywa mpaka chini, ukitaka tutakuongezea, ila tafadhali sana usiondoke na kikombe chetu.

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Diregiteri aliyesimama nyuma yake alishika mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika. Mimi nilitabasamu kwa fahari, maana sikujua.

"Asanteni sana," mkaguzi akawaambia watoto kwa Kiingereza, na hilo nililielewa. Kisha akauliza nani amewafundisha. Watoto wote walininyooshea vidole mimi. Msichana wa mbele peke yake alinyoosha kidole dirishani, kuelekea mwavuli.

Mkaguzi alitazama mwavuli, akatazama sufuria, akatazama vikombe. Akaandika kitu. Nikaanza kuelewa, polepole, kama mtu anayehisi maji yameingia kiatuni.

Lakini somo lilikuwa somo, na nililiandaa vizuri. Ilikuwa hesabu, sehemu za kitu kizima: nusu, theluthi, robo. Nikachora miduara ubaoni, nikaigawa, nikasema yale niliyosomewa langoni asubuhi ile ile, sikukosea hata moja. Dakika ishirini zikapita hivyo. Mkaguzi alikuwa anatikisa kichwa akikubali. Nikaona mwanga mwisho wa shimo.

Mkono ukainuka pale mbele.

Ningeweza kujifanya sikuuona, lakini mkaguzi aliuona. Nikamruhusu. Akasimama, akakunja mikono, akauliza kwa Kiingereza chake kizuri: mwalimu, nne ni kubwa kuliko mbili, sasa kwa nini robo ni ndogo kuliko nusu?

Nilielewa swali lote. Hilo ndilo lililoniuma. Miezi mitatu nyuma nisingelielewa. Na ni swali zuri, mwalimu anaweza kulingoja mwaka mzima lisiulizwe. Jibu nilikuwa nalo kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda. Kwa Kiingereza sikuwa na hata mkia wake.

Nilikuwa na dawa ya hali kama hiyo. Kulikuwa na sentensi moja ya Kiingereza niliyoijua kuliko zote, niliitamka kama mtu aliyezaliwa nayo: swali zuri sana, tutaliangalia kesho. Nilikuwa nimeitumia mara nyingi, na kesho hiyo haikuwahi kufika. Nikiitoa, mkaguzi ataandika vizuri, kipindi kitaisha, darasa litabaki langu. Nikafungua mdomo. Yule mtoto alikuwa bado amesimama, ananitazama, na nikaona anajua ninachotaka kusema. Alikuwa ameshaanza kukaa.

"Usikae," nikamwambia kwa Kiswahili.

Nikaenda dirishani, nikalifungua.

"Mama! Kuja hapa! Kuja mbio!"

Muuza uji alidhani kuna mtoto ameanguka. Aliingia sebuleni anahema, upawa bado mkononi, akamwona mkaguzi, akataka kurudi. Nikamshika mkono.

"Mi nitasema Kiswahili, we utasema Kiingereza," nikamwambia. "Na huyu ni mukaguzi. Nilikudanganya, hakuna wageni wa Kampala. Na macho yangu ni mazima."

"Ya macho nilijuaga, Mwarimu," akasema taratibu. "Unaonaga inzi ikiwa iko ng'ambo ya barabara."

Nikaanza. Nikasema: uko na kikombe kimoja cha uji, mmekuwa watu wawili, kila mtu anapata kiasi gani? Akasema kwa Kiingereza. Sasa wamekuja wawili wengine, mmekuwa wanne, kikombe ni kile kile. Akasema. Kisha akaacha kuningoja. Akatoka, akarudi na sufuria na vikombe, akaanza kumimina mbele yao, kikombe kizima, nusu, robo, robo, robo. Namba ya chini, akawaambia, ni watu wanaongoja. Watu wakizidi, kila mmoja anapata kidogo. Sebule nzima ikasema aaah. Msichana wa mbele akakaa, ameridhika, na mikono mingine kumi ikapanda mahali pa wake.

Walimuuliza kila kitu. Kama watu ni mia? Kama kikombe ni viwili? Kama mmoja hataki? Akawajibu wote, jasho linamtoka. Nilipotahamaki nilikuwa nimesimama pembeni, karibu na mlango, nimeshika upawa wake.

Ila niwe mkweli kwa upande wangu pia. Maswali yalipozidi watoto walianza kupayuka, wengine wamesimama juu ya madawati, na yeye akageuka kunitafuta kwa macho yenye hofu. Nikapiga kofi moja. Wakakaa. Wakati huo nilijipenda kidogo.

Baada ya kengele tukaingia jikoni kwa Diregiteri, wanne tumebanana, mkaguzi akiwa na kikombe cha uji mkononi kwa sababu hakuna aliyethubutu kumnyima. Akaweka fomu juu ya meza.

"Mwalimu, nimefurahi sana leo, na sisemi hivyo kila mahali," akaniambia. "Lakini fomu hii ina mstari mmoja. Darasa la nne, jina la mwalimu. Nikuulize wewe mwenyewe, na unijibu kwa lugha yoyote unayoipenda. Nimwandike nani?"

Diregiteri aliinamia sinki, akapanga madaftari yaliyokuwa yamepangwa. Muuza uji alitazama sakafu. Hakuna aliyenisaidia, na nilijua kwamba nikisema niandike mimi, ataniandika. Ningeweza kuahidi kujifunza. Ningeweza kusema yeye hana cheti cha ualimu, na ni kweli hakuwa nacho. Nilifikiri miaka yangu yote ya chaki. Nikafikiri mikono kumi iliyopanda mara moja.

"Muandike yeye," nikasema.

Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyotaka, nikalazimika kurudia.

"Unajua maana yake, mwalimu?"

"Najua. Iko na cheti ya sekondari, iko kwenye mufuko chini ya benchi yake ya buyi. Mupeni masomo ya ualimu, atajua kunyamazisha watoto. Mimi nitamuonyesha."

Mama yule akaanza kulia, akisema kwa Kinyarwanda kwamba hapana, hapana, darasa ni la Mwarimu. Nikamkaripia. Hasira zangu wakati mwingine zina faida, zinazuia mtu kuona kwamba na wewe unataka kulia. Mkaguzi akaandika: ashike darasa kwa majaribio, asajiliwe masomo ya ualimu wakati wa likizo, shule ithibitishe. Akapulizia wino kana kwamba ungeweza kufutika.

Nilikwenda nyuma ya gereji, nikalia. Nisifiche. Sikuwa namlilia yeye wala mkaguzi. Nilikuwa nalilia kwamba nimesema kweli mara moja tu katika miezi mitatu, na hiyo moja imenichukulia darasa. Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu yote, mpaka na kikombe. Nilipofika kwenye kikombe hakuweza kusikiliza zaidi. Alicheka, akapangusa machozi, akacheka, na mwisho nikamsaidia kucheka. Kisha akanipikia sambaza za kukaanga kama za sikukuu, akasema, "Bon. Sasa utakunywa chai yangu."

Jumatatu nilimkabidhi mama boksi la chaki. Akalipokea kwa mikono miwili. Nikampa siri mbili za kazi: usisimame ubaoni muda wote, simama karibu na mlango ili wote wawe mbele yako, na usipige kelele kushinda kelele yao, punguza sauti mpaka watake kukusikia. Akaingia. Mimi nikabaki uani bila darasa, kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu, nikajifanya nakagua bomba la maji.

Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Nilisikia anasalimia, nikasikia madawati yakivutwa, kisha swali. Kisha swali jingine. Sauti za watoto ambao mwaka mzima sikuwahi kuwasikia wakisema lolote zaidi ya ndiyo mwalimu. Mvulana mmoja wa kutoka Goma niliyemwandika kwenye ripoti kwamba ni mzito, aliuliza mara mbili. Kumbe walikuwa nayo siku zote. Maswali yale hayakuzaliwa Jumatatu ile. Mimi ndiye niliyeyakalia, kwa kuogopa kuonekana sijui. Nilishika lile bomba mpaka kengele ikalia.

Diregiteri hakuniacha uani. Kifaransa bado kinafundishwa kama somo, akanipa vipindi vya la pili, la tatu na la nne, na saa za mchana tunakaa sisi walimu wanne kwenye madawati ya watoto, yule yule mama wa uji anatufundisha Kiingereza. Ni mkali. Ananiita Mwarimu na kunipa sifuri hapo hapo.

Kipindi changu cha kwanza cha Kifaransa kilikuwa na darasa la nne, Alhamisi. Niliingia, wakasimama, nikawaambia wakae. Nikawaeleza kwamba leo sitaandika kitu. Kila mtu aulize anachotaka, kwa Kifaransa anachokijua, na pale kitakapomwishia amalizie na lugha ya kwao. Hawakuniamini, na walikuwa na haki. Mwishowe yule mvulana wa Goma akainua mkono nusu, kiwiko bado mezani.

"Mwalimu, ziwa yetu inaenda chini mpaka wapi?"

Nimeishi kando ya ziwa hilo maisha yangu yote, upande ule na upande huu. Nimeoga humo, nimekula samaki wake, nimelipita kwa mashua mara zisizo na hesabu. Watoto hamsini na wanne walikuwa wananitazama.

"Sijui," nikasema.

Lilikuwa neno jipya kwangu mbele ya ubao, na lilitoka zima zima. Paa halikuanguka. Nikangoja wacheke. Watoto wote wakainama, wakachukua kalamu, wakaliandika neno lile kwenye madaftari.